Daftari la oda kwenye simu: lipange kabla hujaanza kulijaza



Kuna swali naulizwa kila mwezi ukikaribia kuisha. "Naandika mauzo yangu kwenye simu, lakini nikijumlisha hesabu hazikai. Unatumia app gani?" Jibu langu huwa linawaudhi watu: hiyo hiyo uliyonayo. Wengi wetu tunafungua Google Sheets, tunaandika Tarehe, Jina, Bidhaa, Bei, tunaanza kujaza siku ile ile bila kugusa seting hata moja. Wiki mbili daftari linakwenda vizuri. Wiki ya tatu tumerudi kwenye kaunta buku ya kwaya 2, tunasema mambo ya kompyuta ni ya watu wa maofisini.

Mimi nauza mchele wa Kyela na maharage, nipo Mbeya mjini, oda zinaingia kwa WhatsApp na Instagram, mizigo inaondoka kwa basi. Ninachoandika hapa ni mpangilio ninaoutumia, na ambao nimewapangia wenzangu kadhaa wa Mwanjelwa, Uyole na Iringa. Soma ukiwa na simu mkononi.

Kwanza tuondoe kitu kimoja njiani. Wengine mnaniambia lebo za WhatsApp Business zinatosha. Zinasaidia, nami nazitumia. Ila lebo inakaa kwenye mazungumzo au kwenye meseji, haina hesabu ndani yake. Mama yule yule akinunua mara tatu, mara moja kalipa, mara moja kalipa nusu, mara moja hajalipa, lebo ya "kalipa" uliyoibandika kwenye chati yake inazungumzia oda ipi? Daftari linatakiwa lishike oda moja moja.

Haya, seting. Hizi nakushauri uzifanye kwenye kompyuta, mara moja tu. Huna kompyuta? Nenda steshenari, lipia nusu saa, ingia kwenye akaunti yako, fanya, kisha hakikisha umetoka kwenye akaunti kabla hujanyanyuka. Usiache akaunti yako ya biashara wazi kwenye kompyuta ya watu.

Ukifungua faili, nenda File halafu Settings. Utaona nchi na saa za eneo. Ukikuta imeandikwa United States, hapo ndipo tarehe zako zinapoharibikia, na hutagundua. Wamarekani wanaanza na mwezi. Ukiandika 5/3 ukimaanisha tarehe 5 Machi, faili linaelewa tarehe 3 Mei. Ukiandika 25/3, faili halina mwezi wa 25, kwa hiyo linaacha kama maneno tu. Yaani nusu ya tarehe zako zimehama mwezi na nusu nyingine sio tarehe kabisa. Siku unataka mauzo ya Machi peke yake, unapata kichekesho. Badilisha nchi iwe United Kingdom, wale wanaanza na siku kama sisi. Saa za eneo chagua ya Afrika Mashariki, yenye GMT+03:00.

Cha pili ni namba za simu. Andika 0754 na kuendelea, bonyeza kuingiza, sifuri ya mwanzo inapotea, maana faili linadhani ni hesabu. Chagua kolamu nzima ya simu, nenda Format, Number, halafu Plain text. Fanya hivyo kabla hujajaza, kwa sababu sifuri ikishaliwa hairudi yenyewe.

Cha tatu ni pesa, na hiki ndicho kinawamaliza wengi. Sisi Watanzania tumezoea kuandika 35,000/= na mkono hauwezi kujizuia. Google Sheets haijui hiyo mistari miwili. Inaiona kama neno, na ukijumlisha kolamu inairuka kimya kimya, haikupi hata onyo. Hali kadhalika "35k" na "elfu 35". Andika 35000, basi. Koma faili litaweka lenyewe ukiliambia.

Kuna njia ya kujua kama faili limekuelewa bila kusoma kitabu: tazama upande. Kama hujabadilisha mpangilio, hesabu na tarehe hukaa kulia mwa kisanduku, maneno hukaa kushoto. Ukiona bei imekaa kushoto, hiyo haijumlishwi. Mimi kila jioni nashusha macho kwenye kolamu ya pesa, sekunde tano tu. Namba za simu zikikaa kushoto ni sawa, tumezitaka hivyo.

Cha nne, saa. Konda anakwambia basi linaondoka saa 12 alfajiri, mteja wa Dar anakwambia atapokea saa 2 usiku. Faili halijui saa za Kiswahili. Andika 06:00 na 20:00, na mwambie msaidizi wako aandike hivyo hivyo. Mkichanganya, mmoja saa za jua na mwingine saa za simu, mtagombana na mteja ambaye hana kosa.

Sasa kolamu. Kuna watu wanapanga kolamu 20: rangi, saizi, mtaa, umri wa mteja, amejuaje biashara yetu, siku ya kuzaliwa. Nawauliza, utazijaza saa ngapi? Oda inaandikwa mkono mmoja umeshika simu, mwingine umeshika mfuko, bodaboda anapiga honi nje. Daftari lipange kwa ajili ya dakika hiyo, usilipange kwa ajili ya Jumapili mchana umekaa kwenye kochi unakunywa chai. Mimi ninazo tisa: namba ya oda, tarehe, jina, simu, bidhaa, kiasi cha pesa, namba ya muamala, hali, na maelezo. Tisa tu, na mbili kati ya hizo zinaweza kubaki tupu siku nzima.

Namba ya oda ni fupi: M041, M042. Ninaiandika pia kwa makapeni juu ya mfuko na kumtumia mteja kwenye meseji. Mteja akipiga, simuulizi "wewe ndio yule wa juzi?" Namuuliza namba.

Namba ya muamala ni ile inayokuja kwenye meseji ya malipo, iwe M-Pesa, Airtel Money, au mtandao mwingine. Inainakili, unaibandika. Ina kazi mbili. Moja, meseji feki: mtu akikutumia skrinishoti ya malipo, huwezi kujaza kolamu hiyo mpaka wewe mwenyewe umeiona pesa kwenye salio na meseji kwenye simu yako. Kolamu tupu inakukumbusha usifunge mzigo. Mbili, mteja akidai alilipa mara mbili, unamaliza mjadala kwa dakika moja.

Juu ya hizo kolamu gandisha mstari wa vichwa, ili ukishuka mpaka oda ya 200 bado unaona kolamu ipi ni ipi. Kwenye simu unagusa namba ya mstari, halafu Freeze.

Tunafika kwenye kolamu ya "hali", na hapa nitakaa kidogo.

Hali isiandikwe kwa mkono, ichaguliwe kwenye orodha. Ukiiacha wazi utakuta kalipa, amelipa, Kalipa tayari, ok, na alama ya dole gumba. Kwa jicho lako zote ni kitu kimoja, kwa faili ni vitu vitano. Kwenye kompyuta ni Insert halafu Dropdown. Kwenye simu chagua kolamu, gusa nukta tatu juu, tafuta Data validation. Unaandika maneno unayotaka, basi, kuanzia hapo unagusa tu.

Swali ni uandike maneno yapi. Kuna dada mmoja Iringa, maeneo ya Kihesa, anauza vile vikapu vya Iringa vya milulu. Ananunua kwa kina mama wanaosuka vijijini, anapiga picha, anauza mpaka Dar, Dodoma na Arusha. Baadhi ya wateja wa siku nyingi anawatumia mzigo kwanza, wanalipa wakipokea. Ana binti anayemsaidia kufunga na kupeleka stendi ya Igumbilo. Daftari lake alilikuta limeshapangwa mahali, akalinakili lilivyo. Kwenye hali lilikuwa na maneno manne: Mpya, Imelipwa, Imetumwa, Imefika.

Mwisho wa mwezi akahesabu. Vikapu vilivyotoka na pesa iliyoingia vimepishana kwa 105,000, yaani vikapu vitatu vya 35,000. Nyumbani pale maneno yakaanza. Mumewe akasema binti kala. Wifi yake akasema alishaona dalili, binti siku hizi ana viatu vipya. Jumamosi jioni binti akaambiwa Jumatatu asije kwanza.

Yule dada alinipigia Jumapili, na kusema kweli hakupiga kuhusu binti. Alitaka nimwonyeshe namna ya kuweka neno la siri kwenye faili ili msaidizi mwingine asije kumwibia. Nikamwambia nitumie linki kwanza nilione.

Tulichuja oda zote zenye hali "Imetumwa" za zaidi ya siku kumi na nne. Zikabaki nne. Tatu alizijua, wateja walikuwa wanalipa kidogo kidogo. Ya nne ilikuwa ya Dodoma, vikapu vitatu. Kwenye maelezo, mwisho kabisa pembeni, mahali ambapo kwenye simu huoni mpaka uvute, binti alikuwa ameandika: "mteja hapokei simu siku 3, konda kasema mzigo umeshushwa ofisini". Tarehe ameweka. Maelezo ya wiki tatu nyuma.

Alikuwa ameandika kila kitu. Lakini alipotaka kuchagua hali, kwenye orodha hapakuwa na neno la kilichotokea. Mzigo haujafika kwa mteja, haujarudi, haujalipwa. Akauacha kwenye "Imetumwa", maana ndiyo iliyokuwa karibu na ukweli. Na mwenye daftari alipotazama, "Imetumwa" ilimaanisha mambo yapo sawa.

Jumatatu asubuhi dada alipiga ofisi ile ya mizigo. Vikapu vilikuwepo, vina vumbi, akalipia gharama ya kuhifadhi na vikarudi. Binti naye alirudi Jumatano, lakini kwa sharti. Nitalisema mbele kidogo.

Kwa hiyo unapoandika orodha ya hali, usiandike safari ya mzigo unaofika salama peke yake. Huo hauna shida. Kaa chini ukumbuke mambo mabaya yote yaliyowahi kukupata wewe, kila moja lipe neno. Yangu mimi ni: Mpya, Kalipa, Imefungwa, Ipo njiani, Kapokea, Kapokea hajalipa, Imekwama, Imerudi, Imeharibika, Kaghairi. "Imekwama" ndiyo kubwa kuliko zote. Ni neno la kumruhusu msaidizi akwambie kuna tatizo bila kujua bado ni tatizo gani. Nimeiwekea rangi nyekundu kwa Conditional formatting, na "Kapokea hajalipa" rangi ya machungwa. Nikifungua faili asubuhi, kabla ya kusoma chochote macho yanakwenda kwenye nyekundu. Na kolamu ya maelezo iweke mara tu baada ya hali, usiitupe mwisho.

Halafu kuna udhaifu ambao orodha peke yake haiutibu. Hali inabadilika, na ikibadilika ile ya zamani inafutika. Leo imeandikwa "Imerudi". Ilirudi lini? Nani aliipokea? Ilikaa wapi siku ngapi? Hapo ndipo unahitaji karatasi ya pili ndani ya faili lile lile. Mimi nimeiita Matukio. Karatasi ya kwanza inasema oda iko wapi sasa hivi. Ya pili inasema nini kimetokea, mstari mmoja kwa tukio moja, na haifutwi. Manesi wanalijua hili. Kwenye faili la mgonjwa ukikosea unapiga mstari mmoja, unaandika sahihi chini yake na kuweka saini yako, ile ya kwanza inabaki inasomeka. Manahodha pia wana daftari la namna hiyo, ndilo linaloulizwa meli ikipata shida.

Karatasi ya Matukio usiijaze kwa mkono, itengenezee fomu ya Google Forms. Maswali manne: namba ya oda, nini kimetokea (hapa weka orodha ile ile ya hali), maelezo, na nani anaandika. Ukiiunganisha na faili lako, kila akibonyeza kutuma, mstari unaingia wenyewe pamoja na tarehe na saa. Hapo sasa huhitaji kumuuliza mtu "uliandika saa ngapi", saa imewekwa na mashine. Ndiyo maana nilisisitiza ile seting ya saa za eneo.

Uzuri mwingine ni kwamba mwenye linki ya fomu anaweza kuongeza, hawezi kufuta wala kubadilisha cha zamani, wala haoni mauzo yako yote. Msaidizi anaweka linki ile kwenye skrini ya kwanza ya simu yake kama alama ya app. Akifika stendi anagusa, M041, Ipo njiani, jina la basi na namba ya gari kwenye maelezo, tuma. Sekunde 20.

Ubaya wake upo: fomu inataka bando. Faili la Google Sheets unaweza kuliwekea Make available offline ukaandika hata simu haina mtandao, ikija kuupata inapeleka yenyewe. Fomu haifanyi hivyo. Kwa hiyo ukimwambia msaidizi ajaze fomu, bando ni juu yako. Nimeona mabosi wanalalamika msaidizi hajazi, ukiuliza, binti wa watu anatumia bando lake mwenyewe. Bando la kazi ni gharama ya biashara kama ilivyo gundi na mifuko, liandike kwenye matumizi.

Sasa lile sharti. Binti wa Iringa alisema atarudi kazini kama na yeye atakuwa analiona daftari, lote, muda wowote. Mume wa dada hakupenda. Mimi niliona ana haki. Kama daftari ndilo litakalotumika kumhukumu mtu, mtu huyo alione. Kwenye Share unaweka barua pepe yake na kuchagua Viewer, anasoma, hawezi kubadilisha. Kama una bei za kununulia ambazo hutaki azione, ziweke kwenye faili tofauti kabisa, maana kuficha karatasi ndani ya faili moja hakuzuii mtu mwenye akili ya kuzitafuta. Na ukifungua faili hilo kwenye kompyuta, File halafu Version history inakuonyesha nani kabadilisha nini na lini, wewe mwenyewe ukiwemo. Kwa hiyo hata bosi akibadilisha 36,000 iwe 46,000 usiku halafu akamdai mtu asubuhi, badiliko hilo linabaki kwenye historia ya faili.

Kitu kimoja usikifanye: usitumie linki ya "yeyote mwenye linki" halafu ukaitupa kwenye grupu. Ndani ya lile faili kuna majina na namba za simu za wateja wako. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na haisemi kwamba wafanyabiashara wadogo tumesamehewa kutunza siri za watu. Hata bila sheria, mteja wako akianza kupigiwa na muuzaji mwingine aliyeokota namba kwako, umempoteza.

Fomula nazitumia mbili tu, sitaki kukuchosha. Kwenye karatasi ya tatu, nimeiita Muhtasari, naandika =SUMIF(Oda!H2:H,"Kapokea hajalipa",Oda!F2:F). H ni kolamu ya hali, F ya pesa, na Oda ni jina la karatasi ya kwanza. Inanipa jumla ya pesa yangu iliyoko mikononi mwa watu. Ya pili ni ile ile, ila mahali pa "Kapokea hajalipa" unaweka "Imekwama". Namba hizo mbili nazitazama kila siku kuliko mauzo. Mauzo yanafurahisha, lakini hizi ndizo zinasema kama kesho nitakuwa na mtaji wa kwenda kuchukua mchele.

Baada ya hapo kazi ni kuboresha. Mimi natenga Jumapili jioni, robo saa. Naangalia kolamu ambayo haijajazwa wiki nzima, naiondoa. Naangalia maelezo: kama maneno yale yale yamejirudia mara tatu, mfano "mteja kabadilisha stendi ya kupokelea", basi linastahili kuwa kwenye orodha. Nabadilisha kitu kimoja kwa wiki, nikizidisha msaidizi anachanganyikiwa na anarudi kuniandikia kwenye WhatsApp. Na sibadilishi katikati ya wiki hata nikiona wazo zuri namna gani. Msimu wa baridi, Juni na Julai, wenzangu wanaouza masweta na mablanketi ya mtumba wasibadilishe chochote kabisa. Mtu akiwa na oda 40 kwa siku mwache na daftari analolijua.

Kuna mtu ataniuliza, yote haya kwa biashara ya milioni tano kwa mwaka? Tuongee TRA basi. Kwa sisi watu binafsi wenye mauzo madogo, kodi inakadiriwa kwa mauzo ya mwaka, na jedwali linatofautisha mwenye kumbukumbu na asiye nazo. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019, mauzo yakizidi milioni 4 lakini hayajapita milioni 7, asiye na kumbukumbu anatozwa 100,000. Mwenye kumbukumbu anatozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Chukua mauzo ya milioni 5.2. Kilichozidi ni milioni 1.2, asilimia 3 yake ni 36,000. Tofauti ni 64,000, kwa sababu mmoja anazo kumbukumbu na mwingine hana. Viwango hubadilika kwenye bajeti, kwa hiyo kabla ya kwenda kukadiriwa ulizia ofisi ya eneo lako vya mwaka huo. Na faili la simu peke yake lisikupe kiburi, liende pamoja na risiti za manunuzi, za usafiri na za mifuko. Mimi risiti nazipiga picha, picha naipa jina la namba ya oda au tarehe, naiweka kwenye Google Drive, kwenye folda ya mwezi huo. Wino wa zile karatasi za mashine unafifia ukiziacha juani dirishani.

La mwisho ni nakala. Faili lako liko kwenye akaunti ya Google, kwa hiyo simu ikichomolewa kwenye daladala ya Uyole daftari halipotei, mradi unaikumbuka barua pepe na neno la siri. Hapo ndipo pana kazi. Wengi akaunti walifunguliwa na fundi aliyewauzia simu, neno la siri analijua fundi. Leo, kabla hujaandika oda hata moja, badilisha neno la siri, weka namba yako ya simu ya kurejeshea akaunti, na uiandike barua pepe hiyo mahali nje ya simu. Halafu kila tarehe 1 ya mwezi fungua faili, tengeneza nakala, ipe jina "Oda 2025 Machi imefungwa", na shusha nyingine ya Excel uitunze kwenye memori kadi au kwa mtu unayemwamini. Ile iliyofungwa huigusi tena. Mteja wa Machi akirudisha mzigo Mei, unauandika kwenye Matukio ya Mei, kwa namba yake ile ile ya zamani.

Nyumbani kwangu ile kaunta buku bado ipo kaunta, na siitupi. Umeme ukikatika na simu ina asilimia 3, oda inaandikwa pale, namba, jina, pesa, halafu inahamishwa usiku. Nimeichora kolamu tisa zile zile kwa rula.